Imekataa, Lakini Imesema Nini?

Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi huko Kayole, vijana kumi hivi hufungua laptopu zao kujifunza OpenCV, programu ya kuisaidia kompyuta kuelewa picha. Kabla chai haijamiminwa, mmoja huinua mkono: "Mwalimu, imekataa."

Neno hilo tunalitumia Nairobi nzima. Gari limekataa kuwaka, simu imekataa kuingiza chaji, mtoto amekataa uji. Linatosha kwa kulalamika, lakini halimpi fundi pa kuanzia. Nami hujibu kwa swali lile lile kila mara: "Imekataa ikisema nini?" Swali hilo sikulipata darasani. Nililinunua kwa bando, kidogo kidogo, kwa muda wa karibu miaka miwili, na ningependa vijana hawa walipate bure.

Mwaka 2019 mjomba wangu alikuwa na uwanja wa kuegesha magari pale Ngara. Uwanja ulijaa tangu asubuhi, lakini jioni idadi ya risiti haikulingana na alichokiona kwa macho yake. Hakutaka kumshutumu mtu yeyote bila ushahidi, jambo ambalo hadi leo namheshimu kwalo. Aliniambia, "Wewe si ulisomea kompyuta? Niwekee jicho pale langoni linihesabie magari. Kuhesabu tu."

Kuhesabu tu. Nilijua kwamba OpenCV inaweza. Maktaba hiyo, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari, ilianza mwaka 1999 ndani ya Intel, kazi iliyoongozwa na Gary Bradski, na tangu hapo imekuwa chombo cha kila mtu anayetaka kompyuta ielewe picha. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Ndani yake kuna njia iitwayo MOG2 inayotenganisha kisichosogea na kinachosogea, yaani lami ibaki lami na gari lionekane gari, bila kuhitaji mashine ya bei ghali. Nilimwambia mjomba anipe wikendi moja. Wiki tatu baadaye sikuwa nimehesabu hata baiskeli. Nilikuwa bado nasakinisha.

Kosa la kwanza lilitokana na jina. Ndani ya programu maktaba huitwa cv2, basi nami nikaandika `pip install cv2`; pip ni chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, lugha niliyoandikia programu. Ikajibu kwamba haioni toleo lolote linalokidhi ombi hilo. Kifurushi chenyewe huitwa opencv-python. Cv2 ni jina lake akiwa nyumbani, kama vile mtu aitwavyo Mama Fulani mtaani na kwenye kitambulisho ana jina jingine kabisa. Hilo lilinichukua saa moja, si neno.

Lililofuata ndilo lililokula pesa. Nilisakinisha opencv-python, pip ikaniambia imefaulu, nikaendesha programu, nikapata: `No module named 'cv2'`. Imesakinishwa, na haipo. Nikaondoa, nikarudisha. Nikaondoa tena. Ushauri mmoja niliouokota mtandaoni ulisema niongeze `--no-cache-dir` ili nianze upya kwa usafi. Sikujua kwamba pip huhifadhi kwenye diski nakala ya ilichokwisha kupakua, na kwamba kwa maneno yale nilikuwa nikiiamuru isiiguse nakala hiyo. Makumi ya megabaiti yakashuka upya kila jaribio. Nikaondoa hata Anaconda nzima, furushi kubwa lenye Python na maktaba nyingi ndani yake, na kuipakua tena, mamia ya megabaiti, kwa bando ya saa moja ambayo iliisha ikiwa imebaki kidogo tu kukamilika. Usiku huo nilikaa Kahawa West, nikiitazama simu, nikijiuliza kama kazi hii ni ya watu walio na waya wa intaneti ukutani peke yao.

Jibu lilikuwa kwamba laptopu yangu ilikuwa na Python mbili. Moja niliisakinisha mwenyewe zamani, nyingine ilikuja na Anaconda. Pip ilikuwa ya ile ya kwanza. Kihariri changu kiliendesha programu kwa ile ya pili. Maktaba ilikuwa imefika salama, ila nyumba ya jirani. Mistari miwili ndiyo iliyonifungua macho, na hadi leo ndiyo ninayowaandikisha wanafunzi kwanza kabla ya yote:

`import sys`
`print(sys.executable)`

Inakutajia ni Python ipi hasa inayozungumza nawe sasa. Ukishaijua, usiite pip kwa jina lake tupu. Andika `python -m pip install opencv-python`, na python hiyo iwe ndiyo ile itakayoendesha programu. Siku hizi sianzi kazi yoyote kabla sijatengeneza mazingira pepe kwa `python -m venv`, ili kila mradi uwe na chumba chake na vyombo vyake. Kwenye mifumo endeshi kama Debian 12 na Ubuntu za karibuni hata hushauriwi. Mfumo wenyewe unaikataza pip isiguse Python yake, na unakwambia waziwazi kwamba mazingira hayo yanasimamiwa na wengine. Wanafunzi huona huo ni usumbufu. Mimi nikikumbuka bando zile, naona ni wema.

Hapa sharti nieleze kwa nini OpenCV husumbua kuliko vifurushi vingi. Kuna vifurushi vya Python ambavyo ni maandishi matupu: vinasomeka popote. OpenCV ndani yake ni C++. Lazima mtu aijenge kwanza iwe faili za mashine, na faili hizo hufaa aina fulani ya mfumo, aina fulani ya prosesa, na matoleo fulani ya Python. Pip inapokuta kifurushi kilichokwisha kujengwa kwa ajili ya mashine yako, kazi ni ya dakika chache. Isipokikuta, inachukua msimbo chanzo na kujaribu kuijenga hapo hapo kwako, na kilio huanza.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, niliponunua kompyuta ndogo iliyotumika pale Luthuli ili iwekwe kwenye kibanda cha mlinzi. Niliiwekea Ubuntu Server 18.04, bila skrini, bila madirisha. Kusakinisha kukaishia kwa `No module named 'skbuild'`. Nikatafuta skbuild. Nikaisakinisha. Likaja kosa jingine, refu zaidi, linalotaka cmake, chombo cha kujengea programu. Nilikuwa navuta uzi, na kila nilipovuta nguo ilizidi kufumuka.

Nilisimama nilipokumbuka kusoma kutoka juu badala ya kukimbilia mwisho. Juu kabisa, mistari mingi kabla ya kosa lenyewe, pip ilikuwa imesema inapakua faili inayoishia na `.tar.gz`. Hiyo ni dalili ya msimbo chanzo. Kilichojengwa tayari huishia na `.whl`. Swali likabadilika: si "skbuild iko wapi?" bali "kwa nini pip imechukua mawe wakati nyumba imekwisha kujengwa?" Jibu: Ubuntu 18.04 ilikuja na pip 9.0.1, ya zamani mno. Vifurushi vipya vya OpenCV vilikuwa vimehamia muundo uitwao manylinux2014, na pip iliyo chini ya 19.3 haiutambui. Haikuviona kabisa. Mstari mmoja wa kuipandisha pip, `python3 -m pip install --upgrade pip`, na kila kitu kikashuka kikiwa tayari.

Nikaandika `import cv2` nikiwa na furaha. `ImportError: libGL.so.1: cannot open shared object file`.

Safari hii nilijiuliza: imesema nini? Imesema haioni faili. Faili gani? libGL, ya mambo ya kuchora kwenye skrini. Kwa nini haipo? Kwa sababu hii ni seva, haina skrini wala haja ya kuchora. Basi kwa nini OpenCV inaitaka? Kwa sababu opencv-python ya kawaida huja na uwezo wa kufungua madirisha ya picha. Nikagundua kuwa kuna ndugu yake, opencv-python-headless, iliyoundwa kwa ajili ya seva na isiyobeba mambo ya madirisha. Wapo wanaotatua kosa hili kwa kusakinisha libGL yenyewe, na inafanya kazi. Ila angalia jina, kwa kuwa maelekezo mengi ya zamani hutaja libgl1-mesa-glx, na ukifika Ubuntu 24.04 kifurushi hicho hakipo tena. Siku hizi ni libgl1. Mimi kwa seva napendelea headless. Sioni sababu ya kumbebesha punda mzigo ambao hatautua popote.

Lakini nilifanya kosa ambalo naona wengine wakilirudia karibu kila mwezi. Nilisakinisha headless juu ya ile ya kawaida, kisha, kwa nia njema ya kusafisha, nikaiondoa ile ya kawaida. Pip ikanionyesha kwenye orodha kwamba headless ipo. Programu ikasema cv2 haina `VideoCapture`, ile ya kusoma video. Nikajaribu `imread`, ya kusoma picha: nayo haina. Maktaba ilikuwepo lakini tupu, kama duka lenye kibao mlangoni na rafu hazina kitu.

Sababu ni hii. Kuna vifurushi vinne: opencv-python, opencv-contrib-python, na headless ya kila kimoja. Vyote vinne huandika faili zake kwenye folda ile ile moja, cv2. Pip haijui kwamba vinagongana. Ukiweka viwili, vinafutiana na kuandikiana. Ukiondoa kimoja, kinaondoka na faili za mwenzake. Dawa ni kuondoa vyote, hata ambavyo hukumbuki kuviweka, kuhakikisha folda ya cv2 imetoweka, kisha kuweka kimoja tu. Kimoja. Natamani ningeliandika hilo kwa rangi kwenye ukuta wa kila chumba cha kompyuta jijini.

Kompyuta ile ndogo haikudumu kibandani. Joto la mabati na vumbi la Ngara viliishinda, tukahamia Raspberry Pi 3, kompyuta ya ukubwa wa kiganja. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo gumu zaidi: ujumbe wa kosa husema kweli kuhusu ugonjwa, lakini dawa unayoitaja inaweza kuwa si yako.

Niliweka headless kwa mazoea. Halafu nikaunganisha skrini ili mjomba aone picha kwa macho yake, nikaita `imshow`, inayoonyesha picha dirishani, ikajibu kwamba kazi hiyo haimo, kisha ikanishauri nijenge upya maktaba ikiwa na GTK au Cocoa. "Rebuild the library." Nikatii. Nikapakua msimbo chanzo nikaanza kujenga kwenye kimashine chenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Niliiambia itumie viini vyote vinne kwa pamoja, ili iharakishe. Baada ya muda kompaila ya C++, programu inayogeuza msimbo kuwa faili za mashine, ikauawa katikati ya kazi. Ujumbe ulisema `Killed`, basi. Hakuna maelezo ya aina nyingine, kwa sababu aliyeua si OpenCV, ni mfumo endeshi ulioishiwa na kumbukumbu. Ushahidi uko kwenye `dmesg`, shajara ya mfumo endeshi, na ni vyema kuujua mlango huo. Nikaongeza eneo la swap, sehemu ya kadi inayosaidia kumbukumbu ikijaa, kutoka megabaiti 100 za kawaida hadi 2048, nikaanza upya kwa kiini kimoja. Nikalala. Saa nane usiku stima ikapotea. Iliporudi, kadi ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika na Pi haikuwaka tena.

Nilikaa na kadi ile mkononi asubuhi nzima. Nikarudi kwenye ujumbe wa mwanzo, nikausoma polepole kana kwamba umeandikwa na mtu ninayemheshimu. Haukuwa ukisema kwamba ni lazima nijenge mimi. Ulikuwa ukisema kwamba maktaba hii niliyonayo imejengwa bila madirisha. Na nani aliyechagua iliyojengwa bila madirisha? Mimi, nilipoandika headless. Yenye madirisha ilikuwepo tayari. Mfumo wa Raspberry Pi umeunganishwa na hazina iitwayo piwheels, ambayo kazi yake ni kuvijenga vifurushi kwa ajili ya vimashine hivi. Kadi mpya, `opencv-python` badala ya headless, dirisha likafunguka. Usiku mbili na kadi moja, kwa neno moja lililozidi mwishoni mwa jina.

Jicho la mjomba lilianza kuhesabu wiki hiyo. Ikabainika kwamba tofauti ilikuwa ya alfajiri: magari ya majirani yaliingia kabla mtoa risiti hajafika kazini. Hakuna aliyeiba. Mlinzi yule bado ni rafiki yetu.

Darasa la Kayole lilianza baadaye, na likaniletea makosa ambayo peke yangu nisingeyaona. Kijana mmoja alikuwa ameipa programu yake jina cv2.py; Python ikaileta faili yake badala ya maktaba, ikalalamika kuhusu mzunguko wa kuleta. Tukabadilisha jina, basi. Mwingine alikuwa na Windows ya toleo la N, lile lisilo na vyombo vya kuchezea video na muziki, na cv2 ikamwambia `DLL load failed`. Alihitaji kuongeza Media Feature Pack ya Microsoft, kwa kuwa OpenCV huazima vyombo hivyo ili kusoma video. Kosa hilo halitaji ni DLL ipi, yaani faili ipi ya msimbo, iliyokosekana, na kwa maoni yangu huo ni upungufu wa kweli. Mwanafunzi anabaki gizani bila hatia yoyote.

Juni 2024 ilinifundisha unyenyekevu. Nilikuwa nimewaandalia faili ya mahitaji ikitaja OpenCV 4.8.0.76 na numpy, maktaba ya hesabu ambayo OpenCV huitegemea, bila nambari ya toleo. Waliosakinisha Mei walikuwa wanafanya kazi vizuri. Waliokuja mwishoni mwa Juni, kwa faili ile ile, kwenye chumba kile kile, walipata ujumbe mrefu kwamba moduli iliyojengwa kwa NumPy 1.x haiwezi kuendeshwa kwa NumPy 2. Binti mmoja aliniuliza kama laptopu yake ni mbovu, kwa kuwa ya jirani yake inakubali. Haikuwa mbovu. NumPy 2.0 ilikuwa imetoka mwezi huo huo, na pip, kwa kuwa sikuiwekea mpaka, ilichukua iliyo mpya kabisa. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza kuaminishwa na kosa langu kwamba tatizo ni umaskini wa mashine yake. Tukaandika `"numpy<2"`, ikakubali. Njia ya pili ilikuwa kupandisha OpenCV hadi 4.10.0.84, iliyojengwa ikiijua NumPy mpya. Tangu siku hiyo sitaji kifurushi bila nambari yake.

Na suala la bando tulilimaliza kwa flashi. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri hupakua kwa `pip download`, anaweka kila kitu kwenye folda moja, flashi inazunguka mezani, na kila mmoja anasakinisha kwa `--no-index --find-links` bila kugusa intaneti. Inabidi ujue kusoma majina ya faili. `opencv_python-4.8.0.76-cp37-abi3-win_amd64.whl` inakuambia: Python 3.7 au mpya zaidi, Windows, biti 64. Abi3 maana yake faili moja inafaa matoleo mengi ya Python. Numpy haiko hivyo. Kila toleo la Python linataka faili yake, kwa hiyo flashi yetu ina OpenCV moja ya Windows na numpy nne. Mwenye Python ya biti 32 huambiwa mapema kwamba kwenye flashi hii hamna chake, asije akadhani amekosea.

Zamani ujumbe niliokuwa nikitumiwa usiku ulikuwa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeinama, nusu ya maneno imekatwa, na chini yake: imekataa. Jumanne iliyopita yule binti wa NumPy alinitumia maandishi. Alikuwa anaweka programu kwenye seva aliyokodi, kwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Alinakili mistari yote tangu ile ya kwanza ya pip, akaongeza jibu la `sys.executable`, akaongeza orodha ya vifurushi. Nikavaa miwani nikaanza kusoma. Sikuwa nimefika nusu simu ilipolia tena.

"Acha tu mwalimu. Zilikuwa mbili ndani, nimeziona kwenye orodha nilipokuwa nakutumia. Nimeondoa zote, nimeweka headless peke yake. Inaona."